Sauti Isiyo na Karatasi

Rehema alibisha hodi kwangu Ijumaa iliyopita, mchana, watu ndiyo kwanza wanashuka kutoka msikitini. Nilimjua kabla sijafungua mlango, kwa sababu hodi yake haijabadilika: anagonga mara mbili, anakohoa kidogo, halafu anakuita jina lako kwa sauti ya kukulaumu, utadhani wewe ndiwe uliyechelewa. Miaka kumi na sita hajakanyaga ngazi zangu. Nilipofungua nilimkuta amebeba sufuria ya mkate wa kumimina, imefunikwa kitambaa cheupe, na kwapani amebana faili la plastiki la buluu. Nikaitazama sufuria, nikalitazama faili, nikajua mara moja kipi kimemleta na kipi amekibeba kwa adabu tu. "Aidi," akasema, "hunikaribishi?" Nikamkaribisha. Sikulelewa kumwacha mtu amesimama mlangoni, hata huyu.

Alitaka saini yangu. Tusizungushane, ndilo lililomleta. Iko namba ya simu hapa Kampala inayoitwa Niulize. Ukiipiga, mwanamke anakusalimu, anakuuliza unataka bei ya nini, kisha anakutajia: mahindi soko la Nateete leo, dagaa leo, mafuta ya mawese, vitenge, maharage ya njano. Mwanamke huyo ni mimi. Kampuni ni ya Rehema, na sasa kampuni kubwa ya ng'ambo inataka kuinunua yote. Wanasheria wao wamekuja, wamepekua makabati mwezi mzima, wamekuta kila kitu kina karatasi yake, mpaka viti vya kukalia na jiko la gesi. Sauti tu ndiyo haina. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba Mwanaidi, mwalimu wa madrasa wa Old Kampala, aliwahi kumpa mtu yeyote sauti yake, na bila karatasi hiyo hawanunui. Rehema alinieleza haya yote kwa upole, akimega mkate kwa vidole, akinisogezea vipande kwenye sahani yangu mwenyewe. Nilichomjibu nitakisema, lakini kwanza lazima niuseme mwaka ule, maana bila huo nitaonekana mwanamke mwenye roho mbaya, na huenda ninayo, ila nina haki ya kueleza niliipata wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na nane. Asubuhi nilisomesha watoto, na mchana nilishuka Nateete kuwa mdomo wa watu wengine. Kazi hiyo haikuwa na jina. Wafanyabiashara wa Kikongo walikuwa wengi pale, wamekimbia vita kwao na kuanza upya na fungu moja la samaki wakavu, na Kiswahili chao na cha Waganda vilikuwa vinapishana njiani bila kusalimiana. Mimi nilivijua vyote, pamoja na kile cha madereva wa malori wa Kenya, na kile chetu cha nyumbani ambacho babu zetu walikuja nacho kutoka pwani. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Furaha, mama mnene wa Bukavu aliyeuza vitenge na kucheka kwa mwili mzima. Hakujua kusoma. Watu walikuwa wanamtumia bei kwa ujumbe wa simu, naye ananisubiri mimi nije nimsomee, na nikifika bei imeshabadilika. Siku moja alinikabidhi simu yake kwa hasira, akasema, "Dada Aidi, hii kitu inaongeaka na batu ba masomo tu. Juu ya nini haiwezi ongea na miye?" Nilirudi nyumbani na swali hilo. Usiku ule nililiweka kama lilivyo mbele ya Rehema, na wazo la Niulize likazaliwa hapo, kwa Mama Furaha na kwangu. Sijawahi kuliandika jambo hili popote. Sasa nimeliandika.

Rehema alikuwa jirani yangu, mlango wa tatu, na rafiki yangu tangu tunavaa viatu vya plastiki. Alikuwa amemaliza kusomea kompyuta chuoni, hana kazi, anakaa na bibi yake, Bibi Zena, katika nyumba ya zamani ya Kihindi yenye dari la juu na mabati yanayolia jua likitoka. Hakulala kwa siku nne. Siku ya tano akaniita nimsikilize: kompyuta mbili kuukuu, nyaya zimetapakaa sakafuni, na simu ikijibu yenyewe. Niliruka kwa furaha, wallahi. Kilichobaki kilikuwa sauti, na sauti ikawa kazi yangu. Tulirekodi ndani ya kabati la nguo la Bibi Zena, katikati ya mabuibui na kanzu za marehemu mumewe, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Nilikuwa naingia humo na tochi, kipaza sauti na orodha ya maneno, harufu ya udi na dawa ya nondo imenijaa puani, na Rehema ananifungia mlango.

Watu wanadhani kazi ile ilikuwa kusoma tu. Lo! Kila sentensi niliipima mara kumi. Nilitafuta neno ambalo Mkongo hatalicheka, Mganda hatalikimbia, na dereva wa Mombasa hataliona la kitoto. Nikienda Nateete nilikuwa natamka maneno mbele ya Mama Furaha na wenzake, nawatazama nyuso, wakikunja uso, neno nalitupa. Nilijifunza kusema polepole bila kusikika kama mtu anayemfundisha mjinga, maana mtu asiyejua kusoma anaisikia dharau hata ikiwa kwenye pumzi. Na kila tulipokaribia kumaliza, adhana ilipaa kutoka mlimani, ikapenya mabati na mabuibui, tukasubiri. Mara moja tu hatukusubiri. Sentensi ya mwisho, ile ya "Asante kwa kupiga, ukitaka tena niulize," ilitoka nzuri mno, na nyuma yake kwa mbali unasikia adhana ya alasiri inaanza. Rehema alitaka kuifuta. Bibi Zena, aliyekuwa anachagua mchele mlangoni, akasema, "Iacheni. Hiyo ni baraka." Tukaiacha.

Kisha tukasikia habari za Ghorofani. Ile kampuni ya mitaji ilikuwa na jina refu la Kiingereza, lakini sisi vijana tuliiita hivyo tu, kwa kuwa ilikaa ghorofa ya juu ya nyumba moja kule Kololo, yenye kioo ukuta mzima. Kazi yao ilikuwa kuwatafuta watu kama sisi, wenye kampuni changa ambayo haijaingiza hata shilingi, kuwapa fedha ya kuanzia, na kuchukua sehemu ya umiliki. Wakiwapa kumi, tisa wakafa na mmoja akakua, wao wameshinda. Mwenye usemi pale alikuwa Bwana Mutua, Mkenya, mtu mrefu mwenye soksi za rangi. Kilichotuteka kwake ni Kiswahili. Tulizoea kwamba ofisi ni Kiingereza na soko ni Kiganda, na Kiswahili, watu wakikisikia mjini, wanakumbuka askari kwenye vizuizi vya barabarani na wanafunga madirisha. Huyu alitukaribisha kwa Kiswahili safi, akatumiminia chai mwenyewe, akasema, "Sisi hatununui wazo, dada zangu. Tunanunua watu." Nikamwamini hapo hapo. Nilimwamini mtu kwa sababu alisema lugha yangu vizuri! Mpaka leo nikikumbuka najiona mpumbavu.

Kabla hatujampelekea Mutua maombi rasmi, tulifanya lile linalofanywa kwetu. Siku ya Ijumaa, baada ya pilau, Bibi Zena alitandika mkeka sebuleni, akaleta halwa na kahawa tungu, na Maalimu Idi, mjomba wake Rehema, akaja na kofia yake ya vito. Akauliza, "Mnashirikiana vipi?" Rehema akajibu, mimi nikiwa nimekaa goti kwa goti naye, "Nusu kwa nusu, mjomba. Mimi mashine, Aidi sauti na soko." Maalimu akasema, "Basi nyanyueni mikono." Tukasoma Fatiha. Asiyekulia kwenye nyumba zetu hataelewa uzito wake, kwa hiyo nieleze: hivyo ndivyo posa inavyofungwa, ndivyo ubia wa duka unavyofungwa, ndivyo ndugu waliogombana wanavyopatana. Ikishasomwa, jambo limekwisha. Kumwambia mtu baada ya hapo "sasa tuandikishiane" ni kumtukana yeye, na nyumba yake, na Mungu aliyeombwa. Sikuwaza karatasi. Hata neno lenyewe halikunipitia kichwani. Nilikula halwa mpaka vidole vikanata, nikarudi nyumbani nikijua nina nusu ya kitu duniani.

Miezi iliyofuata tulikuwa Ghorofani karibu kila siku. Wenye kampuni changa tulipewa meza moja ndefu, na kila Alhamisi mpishi, Nalongo, kama Waganda wanavyomwita mama wa mapacha, alipika matoke na mchuzi wa karanga, tukala wote, bosi na mdogo, sahani magotini. Nilipenda chakula kile na nilipenda yale mazungumzo. Vijana walisema mambo makubwa kwa mdomo uliojaa matoke: mmoja atabadilisha usafiri wa Afrika nzima, mwingine atatibu kuku wote kwa simu. Rehema alijifunza lugha yao haraka. Alianza kusema "kukua" na "soko la mbele," akaanza kukaa upande wa Mutua, akaanza kucheka vichekesho kabla havijaisha. Mimi nilibaki upande wa jikoni na Nalongo, tukimega posho, ule ugali wa Kiganda, na kusema watu. Nilidhani tumegawana kazi. Nalongo ndiye aliyeniambia siku moja, akikwangua sufuria, "Nyabo, rafiki yako anakwenda mbele sana. Wewe uko wapi?" Nikamjibu kwa kujivuna kwamba mimi niko ndani ya simu. Akacheka, akatikisa kichwa.

Kisha ikaja wiki ya mahojiano. Ghorofani walikuwa na desturi yao: kabla ya kutoa fedha humwita kila mshirika peke yake chumbani na kumuuliza maswali yale yale, ili waone kama majibu yanafanana. Mimi nilianza. Mutua aliniuliza mengi, na mwisho akainamisha kalamu, akasema, "Dada Aidi, Rehema akiondoka kesho, kitabaki nini?" Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Hakitabaki kitu. Bila Rehema hakuna Niulize." Nikaona anaandika. Nikatoka nimefurahi kwamba nimemsifu rafiki yangu mbele za watu, nikaingia jikoni kumsubiri. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao nyembamba. Nalongo alikuwa anajua siri zote za jengo lile kwa ajili ya ukuta huo. Nikasikia Rehema anaketi, nikasikia maswali yanapita, nikasikia lile la mwisho. "Aidi akiondoka kesho, kitabaki nini?"

Kisha Rehema akasema, "Kila kitu. Aidi ni sauti tu, Bwana Mutua. Ameshatusaidia sana, lakini sauti naweza kurekodi nyingine wiki moja." Mutua akasema kitu sikukipata, na wote wawili wakacheka. Nalongo alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama. Hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu uso wangu ulikuwa unawaka moto mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini taratibu, nikasubiri aongeze neno, lolote, hata "lakini ni mwenzangu." Nilisubiri mpaka nikasikia kiti kinasukumwa.

Na sasa niseme kosa langu, maana sitaki kujifanya malaika. Sikusema kitu. Tulishuka pamoja kwa miguu mpaka barabara kubwa, na njia nzima nilikuwa namtengenezea udhuru: ni mbinu, anamwambia Mutua anachotaka kusikia, sisi tumesomeana Fatiha. Tulipofika kwenye wauza ndizi za kuchoma nikajikaza, nikauliza kwa mzunguko, "Rehema, wakileta yale makaratasi ya umiliki, jina langu litakaa wapi?" Alisimama katikati ya njia. Akanishika mkono, macho yake yamejaa machozi, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya kweli. "Aidi," akasema, "mimi na wewe tuandikiane karatasi? Si tumesoma Fatiha? Hayo ya Mutua ni ya serikali tu, yanataka jina moja ili yaende haraka. Au huniamini?" Unajua nilifanya nini? Niliona haya. Nilimwomba radhi! Nilimwomba radhi msichana yule pale pale, moshi wa makaa unatuingia machoni, nikamnunulia na ndizi. Na wiki hiyo hiyo nikarudi kabatini nikarekodi maneno yote yaliyobaki, ya bei za mwaka mzima, siku saba mfululizo mpaka koo likakauka, kwa kuwa alisema Mutua anayataka kabla ya kutia saini. Ile wiki moja aliyomtajia Mutua, ya kurekodi sauti nyingine, kumbe ikawa hiyo, ila sauti ilikuwa yangu mwenyewe tena.

Siku ya kutia saini nilivaa gauni la kijani nililoshonewa na fundi wa Kasubi kwa kazi hiyo tu. Kulikuwa na keki, na maji ya matunda kwenye glasi ndefu. Meza ilikuwa na viti viwili. Nilisimama nyuma ya kimoja, mkono umekaa juu ya mgongo wake, nikisubiri kuambiwa nikae. Rehema akaketi kwenye kimoja na Mutua kwenye kingine. Karatasi zikafunguliwa. Kisha Mutua akageuka, akaniona, akatabasamu kwa wema kabisa, akanipa simu yake. "Dada Aidi, tupige picha tafadhali. Wewe una mkono mtulivu." Nikaichukua. Nikarudi hatua tatu, nikawaweka wote wawili katikati, nikamwambia Rehema ainue kidevu kidogo, nikapiga. Picha nzuri. Ilitundikwa ukutani Ghorofani, na miaka ile kila aliyeandika habari za Niulize aliitumia hiyo. Hakuna anayejua nani alisimama upande wa pili.

Jumatatu iliyofuata mlinzi wa getini, Odong, askari mstaafu aliyenipenda kwa sababu nilikuwa namsalimu kwa heshima za jeshini, alinisimamisha. Alifungua daftari, akapitisha kidole juu mpaka chini, akapitisha tena. "Dada," akasema, "jina yako hapana kwa kitabu. Mimi naangalia mara mbili. Bosi nasema kama jina hapana, mutu hapana ingia." Nikamwambia, "Afande, mimi ni Aidi. Alhamisi tumekula pamoja." Alifunga daftari kwa huruma. "Mimi najua wewe. Kitabu ndiyo hapana jua." Nikasimama pale getini nimeshika mkoba wangu wa karatasi za maneno, magari yanapita yananipigia honi nisogee, na ndipo nikaelewa vizuri kabisa, bila udhuru wowote, kwamba nimetupwa. Sikulia. Nililia baadaye, kwa Maalimu Idi.

Nilikwenda kwake kwa sababu yeye ndiye aliyenyanyua mikono mbele yetu. Nilimkuta barazani kwa Bibi Zena anakunywa uji, nikamweleza yote mpaka ya ukutani jikoni. Alisikiliza. Kisha akafuta ndevu, akasema, "Binti yangu, Fatiha ile ilikuwa ya kuiombea kazi heri. Na heri imekuja, alhamdulillahi. Mambo ya mgao mimi sikuyaingia." Nikamkumbusha: "Maalimu, uliuliza tunashirikiana vipi. Tukasema nusu kwa nusu." Akatazama ndani ya bakuli. "Sikumbuki maneno yenyewe." Paa jipya lilikuwa linawekwa kwenye nyumba ya Bibi Zena siku zile, mafundi walikuwa wanagonga misumari juu ya vichwa vyetu. Jibu la Maalimu liliniuma kuliko la Rehema, wallahi, kwa sababu Rehema alikuwa na tamaa ya ujana, lakini yule mzee alijua ameshika nini mikononi na akakiachia kianguke. Bibi Zena alinipikia uji kwa miezi kadhaa baadaye, akinipitishia kwa mlango wa nyuma, hasemi kitu. Alikufa bila kusema kitu.

Nikarudi Nateete. Nilidhani angalau huko nitapumzika, lakini soko zima lilikuwa linanisikiliza. Niliwakuta akina mama wamebana simu masikioni, wanaitikia "eeh, eeh," na mimi ndiye ninayewaambia. Mama Furaha alishika tumbo kwa kicheko aliponiona. "Dada Aidi! Uko mu telefone asubui yote, na sasa uko hapa. Banakulipa mara mbili?" Nikamwambia hawanilipi hata mara moja. Aliacha kucheka. Alinitazama, akaitazama simu, akaifunga, akaitia ndani ya kitenge kifuani, na tangu siku ile mpaka aliporudi kwao hakupiga tena Niulize. Alinisubiri mimi nije nimwambie bei kwa mdomo, hata ikiwa imeshabadilika. Mtu mmoja tu katika Kampala yote alifanya hivyo. Wengine wakapiga, na mimi nikawajibu. Nikiugua homa nimelala, nilikuwa nawajibu. Siku ya kumzika Bibi Zena nilikuwa nawajibu, kwa sauti ile ile changamfu ya msichana aliyejua ana nusu ya kitu duniani. Miaka kumi na sita, na Rehema hakuwahi kurekodi nyingine.

Basi Ijumaa iliyopita ndiye aliyekuwa ameketi mbele yangu, amenenepa kidogo, miwani imening'inia kifuani, faili la buluu limelala kati ya sahani. "Watakutaja," alisema. "Nimewaambia lazima wakutaje. Na watakupa kitu, Aidi, kitu cha maana, hutajuta. Lakini wanataka saini leo, Jumatatu wanaondoka." Nikamuuliza kama anakumbuka kabati. Akasema anakumbuka. Nikamuuliza kama anakumbuka alichomjibu Mutua siku ya mahojiano, kitabaki nini nikiondoka. Alibadilika rangi. Hakujua kwamba nilisikia. Miaka yote alikuwa anadhani nina kinyongo cha karatasi tu. Aliweka mikono yote miwili usoni, akasema, "Nilikuwa na njaa, Aidi. Nilikuwa na njaa ya kutoka." Nilimwamini. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote, nilimwamini, na bado halikunisaidia kitu.

Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakakaribiana. Nikamwambia, "Haya. Nimekubali. Sauti ni yako, ulichochukua nimekuhalalishia, na hao wageni wako waitumie mpaka wachoke. Nyanyua mikono." Alinitazama hakuelewa, kisha akaelewa nusu, na uso wake ukafunguka kwa nafuu mpaka nikaona yule msichana wa mlango wa tatu. Akanyanyua mikono. Tulisoma Fatiha pamoja, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho, na Mungu anajua kwamba kila neno nililisema kwa moyo. Tukasema amin, tukapangusa nyuso. Rehema akavuta faili, akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kalamu juu yake na kunisogezea. "Hapa tu," akasema, "chini."

"Ya nini tena, Rehema?" nikamwambia. "Mimi na wewe tuandikiane karatasi?"

Nilikuwa nimeyatunza maneno yake yale miaka kumi na sita, nikidhani siku nitakapoyasema nitapata raha isiyo na kifani. Sikupata. Niliona mkono wake unafunga faili, nikataka kuushika, sikuushika. Alisimama, akatengeneza ushungi, akashuka ngazi polepole akishikilia ukuta, na mimi nikabaki mlangoni mpaka nikasikia geti. Jumatatu imepita. Sijui wale wanasheria wamefanya nini. Nimepiga namba mara moja tu. Bado niko, bado nashukuru watu kwa kupiga, na nyuma yangu bado adhana inaanza.

Aliisahau sufuria. Nimeiosha, nimeifunika kitambaa chake, iko juu ya meza jikoni. Bibi Zena alitulea sote wawili kutorudisha chombo cha mtu kitupu, na kila asubuhi naifunua, naitazama, na sijui niweke nini ndani.